Mjane wa Filamu ya Muema

Filister hakuwa na neno na filamu. Shida yake ilikuwa jeneza.

"Mtu mzima halali kwenye sanduku la maiti kwa mchezo," alimwambia mumewe asubuhi ile, akijaza makaa kwenye gorogoro, kopo lake la kupimia. "Kwetu hata mtoto ukimkuta amelala amenyooka sana, unamgeuza alale ubavu."

"Si nitatoka?" Opondo akasema.

"Na hao wengine, wametoka?"

Opondo akacheka. Kazi yake ilikuwa kurekebisha viti na vitanda, lakini kipaji chake kilikuwa kuiga watu, amwige mtu mpaka mwenyewe akose pa kuficha uso. Kipaji hicho ndicho kilichowaletea Muema. Huyu Muema alikuwa kijana wa Kawangware, mpiga video za harusi, mwenye kamera moja kubwa ya kubeba begani. Katika harusi moja kule Ayany alimwona Opondo akimwiga mchungaji akigombana na maikrofoni, akawaacha maharusi akampiga picha yeye. Wenye harusi walimnunia, ila Muema alienda zake na wazo kichwani. Angetengeneza filamu yake mwenyewe, ya kuchekesha, juu ya mwenye duka anayesumbuliwa na genge linalotaka mahali pake, mpaka anajifanya amekufa ili wamsahau.

"Na wakishamsahau?" Filister alimwuliza alipokuja kuwaomba.

"Anafufuka."

"Halafu wanamkumbuka tena."

Muema akajikuna shingo. "Hapo bado sijafika," akasema.

Sasa lazima ieleweke mambo ya Silanga, mtaa wao, yalivyokuwa. Kule chini karibu na bwawa, mahali pa kuuzia hapakuwa na karatasi. Mahali palikuwa pa yule anayekaa. Filister alikuwa amekaa pake na makaa yake miaka na miaka, juu ya kigoda alichotengenezewa na Opondo, na jirani yake mkono wa kulia alikuwa Mama Rosebella, mama mmoja wa Kiluhya mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bwawa, aliyeuza mboga za sukuma na mrenda. Mkono wa kushoto zamani alikuwepo Mama Lavender. Mama Lavender akaenda nyumbani kumzika kakake. Aliporudi alikuta mwanamume anakaanga samaki pale pale, na yule mwanamume akamsalimia vizuri sana, akamwuliza walizika salama.

Aliyemweka pale yule wa samaki alikuwa Lusweti. Lusweti na vijana wake hawakuwa watu wa kupiga kelele. Hakuna aliyewahi kusema amepigwa na Lusweti. Yeye alikuwa mtu wa kusalimia. Ukiugua anakuja kukuona, ukifiwa anakuja kukupa pole, na baada ya siku kidogo unakuta kuna mtu amekaa mahali pako. Kwa hiyo Filister haumwi, hasafiri, na akienda chooni anaenda mbio. Makaa yale ndiyo yaliyomweka Billy, mtoto wao wa kwanza, shuleni, na ndiyo yaliyopika sufuria ya nyumbani wakati ambapo watu hawavunji viti.

Ila Opondo aliomba kama mtu anayeomba maji. Maisha yake yote alikuwa amechekesha watu bure barabarani, na sasa amepata kamera. Mwishowe Filister akalegea, kwa masharti: jeneza lisifunikwe, na Opondo alale na viatu vyake miguuni, ili ionekane wazi kwamba hakuna safari.

"Mama Billy, tutafanya vile unataka," Muema akasema. "Bora tu alale."

Walipiga filamu ile Kawangware, uani kwa fundi wa majeneza aliyekuwa rafiki yake Muema. Filister alikwenda kulinda masharti yake, akamwomba Mama Rosebella amwangalizie makaa. Alipofika alikuta mambo hayaendi. Msichana aliyepangwa kuwa mjane alikuwa ameliona jeneza, akasema anaenda kununua sabuni, akarudi kwao Riruta.

Majambazi walikuwepo. Mkubwa wao alikuwa Ambrose, kijana mwembamba wa kwaya, aliyevaa jaketi la ngozi la kuazima lenye mikono mirefu kuliko yake. Kazi yake ilikuwa kupiga teke stuli na kunguruma.

"Leo utahama, mzee," Ambrose akanguruma.

"Hawasemi hivyo," Filister akasema kutoka pembeni.

Muema akashusha kamera. "Wanasema aje?"

"Wanauliza watoto wameamkaje. Na wasipige kitu teke. Hao watu hawana haraka."

Ambrose akajaribu kuuliza habari za watoto. Wote uani wakamgeukia, hata fundi akaacha randa yake. "Hiyo haichekeshi," Muema akasema, na akamrudisha kwenye teke.

Ikaja zamu ya msiba. Opondo akaingia jenezani na viatu, amepakwa unga usoni na kutiwa pamba puani, na kwa vile mjane alikuwa ameenda kununua sabuni, Muema akamgeukia Filister. Alikataa. Akabembelezwa. Opondo mwenyewe akainua kichwa na pamba zake akasema, "Sasa nani mwingine anililie, mama, na wewe upo?" Akakubali ili waishe warudi.

Mara ya kwanza alilia kidogo kidogo, kama mtu mwenye mafua. "Ongeza, mama," Muema akasema. Akaongeza. Halafu, yeye mwenyewe hakujua ni saa ngapi, akamkumbuka mama yake mzazi, na kilio kikatoka chenyewe, kile cha nyumbani, cha mikono kichwani na jina la mtu kuitwa kwa urefu wake wote. Kilipanda juu ya mabati kikaenda Kawangware nzima.

Kwao Filister, mwanamke akisikia kilio haulizi kwanza. Anaacha anachofanya, anaweka mikono kichwani, anajiunga. Nani amekufa atajua akishafika. Basi wanawake wakaanza kuingia uani, wawili, kisha wengine, wote wanalia vizuri, na Muema nyuma ya kamera yake alikaribia kulia naye kwa furaha. Katikati yao Filister akamwona Jael. Jael ni mtu wa kwao Silanga, muuza dagaa wa omena, wanakaa benchi moja kanisani, alikuwa amekuja kumtembelea dadake. Jael akalia mpaka kwenye jeneza, akachungulia, akaona ni Opondo, uso mweupe, pamba puani. Akafunga kanga kiunoni akatoka mbio.

Filister akataka kumwita. Muema akampungia mkono: asiangalie kamera, aendelee. Akaendelea.

Kamera ilipozimwa Filister akauliza, "Yule mama amekimbilia wapi?"

"Yule mwenye kanga? Alikuwa moto sana," Muema akasema. "Nilidhani wewe ndio umemleta."

Filister akautazama mlango wa uani. Akachukua kikapu. Lakini Muema alikuwa bado anataka kipande cha majambazi wakimlilia marehemu, na Opondo hakuruhusiwa kutikisika, maana unga wa usoni ulikuwa umekaa vizuri. Filister akainama jenezani.

"Baba Billy, mimi natangulia."

Opondo hakujibu. Alikuwa amefumba macho, mikono kifuani.

"Baba Billy."

"Mama, usimguse, atapasuka unga," Muema akasema. Filister akaondoka.

Alikata njia kupitia Ayany, akashuka. Kadiri alivyokaribia Silanga ndivyo watu walivyozidi kumwangalia vibaya, yaani vizuri kupita kiasi. Mwanamume ambaye hawakuwa wakisalimiana naye akampisha njia na kuvua kofia. Msichana wa kusuka nywele akamshika mkono, akauachia, akaondoka bila neno. Filister akajitazama nguo kama imepasuka.

Alipopinda kona ya bwawa akaona moshi mahali pake. Moto ulikuwa umewashwa kwa makaa yake, sufuria kubwa ya kanisa iko juu, mabenchi yamepangwa, na wanawake wa kanisa wameketi na leso. Na juu ya kigoda chake, katikati ya magunia, miguu imekunjwa vizuri, alikuwa ameketi Lusweti. Vijana wake wawili walisimama nyuma yake.

Lusweti alimwona kwanza. "Pole sana, mathe," akasema kwa upole. "Watoto wameambiwa?"

Hapo kilio kikalipuka kutoka mabenchi yote, na Jael akaja mbio akamkumbatia, shingo yake imelowa.

"Jael, niachilie. Opondo hajafa."

"Ndiyo, mama. Ndiyo."

"Nasema hajafa. Ilikuwa filamu. Kuna kijana ana kamera, na wewe utaonekana ndani."

Jael akawageukia wenzake. "Imeanza kumwingia," akasema. "Mleteeni maji."

"Alikuwa na viatu," Filister akasema. "Ulimwona, alikuwa na viatu miguuni. Maiti gani ana viatu?"

"Mimi nilimwona uso, mama. Miguu sikuangalia."

Mzee Ouma, mwenyekiti wa watu wao wa nyumbani, akainuka na kofia mkononi. "Mama Billy, kila mtu hupokea kwa njia yake. Mama yangu mzazi alikataa mwezi mzima. Sasa gari la kwenda nyumbani tunalitafuta. Wewe tuambie tu, amewekwa wapi?"

"Amewekwa kwa jeneza kule Kawangware, lakini..."

"Ameshapata jeneza," Mzee Ouma akawaambia watu, na watu wakaitika kwa kuridhika.

Kila alilosema liligeuka likawa ushahidi. Alisema amemwacha akiwa mzima, wakasema ndivyo watu wanavyoondoka siku hizi, ghafla. Alisema hata walicheka pamoja asubuhi, wakalia zaidi. Na katikati ya zogo lile Filister akaanza kuchanganyikiwa yeye mwenyewe. Je, alikuwa anapumua? Alimwita mara mbili. Mtu kama Opondo, ambaye hawezi kunyamaza hata kwenye sala, alinyamaza vipi? Na aliwahi kuona wapi mtu analala jenezani kisha mambo yanabaki kama yalivyokuwa? Akageuka kama anayetaka kurudi Kawangware. Wanawake wakaona, wakamshika kwapani.

"Tumpeleke nyumbani kwake," Jael akasema. "Mjane hakai barabarani."

"Ni kweli," Lusweti akasema. Hakuwa amenyanyuka. "Mathe, wewe enda pumzika. Halafu uende nyumbani ushago umzike buda wako vizuri, usiharakishe. Huku usiwe na wasiwasi. Hapa tutakushikia."

 Mama Rosebella akashughulika na mrenda wake. Mwenye kukaanga samaki, kule kushoto, akageuza samaki ambaye hakuhitaji kugeuzwa. Kila mtu alijua kushikiwa ni nini, na kila mtu aliangalia chini.

Filister akasimama pale kati ya mikono ya wanawake, akielewa kitu kimoja tu katika mambo yote yale. Wakimfikisha nyumbani, hapa pamekwisha. Akiendelea kupiga kelele kwamba Opondo yuko hai, watambeba mzima mzima mpaka kitandani, na kumbeba kwenyewe kutakuwa ni upendo. Hakuna aliyemwamini aliposema kweli. Basi.

"Sawa," akasema. "Amekufa."

Jael akamfuta uso. "Pole, mama."

"Lakini aliacha neno."

Kila mtu akainua kichwa, maana neno la marehemu halipitwi.

"Alisema siku akifa, matanga yasikae nyumbani. Yakae hapa, penye kigoda alichotengeneza. Alisema Filister, ukae hapo mpaka nitoke Kawangware."

Huyo alikuwa Opondo, ambaye hakuwahi kusema jambo la maana kuhusu kifo, na Mzee Ouma alimjua vizuri. Lakini nani angesimama kumbishia marehemu? Mzee Ouma akafikiri, akaitika kwa kichwa. "Kama ni neno lake," akasema.

"Basi mjane hana pa kukaa," Mama Rosebella akasema.

Alisema kwa sauti yake ile. Watu wa ng'ambo ya bwawa walisikia. Hakumtaja mtu, hakumwangalia mtu, alikuwa anachambua mrenda. Lakini wanawake wote wa mabenchi wakageuza nyuso, wakamwangalia Lusweti aliyekaa kwenye kiti mbele ya mjane aliyesimama.

Lusweti akatabasamu. Tabasamu likakaa, likachoka. Akanyanyuka.

Filister akaketi. Aliweka mikono kichwani akalia, na safari hii hata yeye hakujua analia nini, kama ni kigoda au ni mume au ni mama yake tena. Wanawake wakaketi chini kumzunguka, mmoja akaegemea gunia hili, mwingine lile, mpaka pale mahali hapakubaki hata pa kuweka kuku.

Na matanga yana kazi. Bibi mmoja mzee kutoka upande wa kina Ouma, aliyekuja na kigongo chake na hakujua habari za mtu yeyote Silanga, akatazama waliosimama.

"Wewe kijana," akasema. "Wewe mrefu mwenye saa. Chukua mtungi uende maji. Hao wenzako wapasue kuni."

Lusweti akatazama nyuma yake aone anaambiwa nani.

"Ni wewe. Umesimama hapo kama mlingoti, na watu hawajapata chai."

Kijana hakatai kazi ya matanga. Angekataa wapi, mbele ya watu wote hao, yeye aliyekuja mwenyewe kutoa pole? Mmoja wa vijana wake akataka kuuchukua mtungi kwa niaba yake. "Wewe nimesema kuni," bibi akasema. Lusweti akachukua mtungi akapanda nao kuelekea bombani, na kwenye kila mlango aliopita kulikuwa na mtu.

Alikuwa bado hajarudi Opondo alipotokea.

Alikuja kwa njia ya juu, yeye na Muema na Ambrose, bado na unga masikioni na pamba moja imebaki puani, amesahau. Kutoka mbali akasikia kilio upande wa nyumbani kwake. Na Opondo ni wa kule kule kwao Filister. Hakuuliza. Alivua kofia, akaweka mikono nyuma ya kichwa, akaanza kulia akishuka, kilio cha mwanamume, kizito, cha kuita. Watu wa nyuma wakasikia mwombolezaji anakuja, wakasogea bila kugeuka, wakampa nafasi kwenye benchi. Akaketi akalia mpaka akaridhika. Halafu akamwinamia jirani yake, ambaye alikuwa Mzee Ouma.

"Ni nani?" akanong'ona.

"Ni Opondo," Mzee Ouma akasema, macho yamefumbwa kwa huzuni.

"Opondo gani?"

"Opondo wa viti."

Opondo akatazama viatu vyake. "Lakini huyo ni mimi," akasema.

Mzee Ouma akafumbua macho. Benchi likaanguka, na waliokuwa juu yake wakaanguka nalo. Jael, akiwa chini, akasema, "Mimi nilimwona na pamba," na Opondo akaitoa ile iliyobaki puani, akaiangalia, akampa kama vile ni yake. Wengine walikimbia wakarudi. Wengine walimgusa mkono. Ambrose alijaribu kueleza habari ya filamu, lakini kwa vile alivaa lile jaketi, watu walidhani ni mmoja wa vijana wa Lusweti, hawakumsikiliza. Muema alikuwa amekaa chini na kamera yake mapajani. Betri ilikuwa imekwisha Kawangware.

Filister hakuinuka. Alimwona mumewe ana miguu, ana viatu, anapumua kwa kinywa wazi, na moyo ukarudi mahali pake kwa kishindo mpaka akashika gunia. Lakini hakuinuka.

"Hunisalimii?" Opondo akauliza, amesimama mbele yake.

"Nakusalimia."

"Kwa nini umekaa?"

"Wewe ndiye ulisema nikae."

"Nilisema lini?"

"Ulipokufa. Nyamaza."

Sasa wazee wakaanza kubishana. Mtu aliyeliliwa akiwa hai anafanyiwa nini? Huyu alisema arudi kwa baba yake akaingie kwa mlango wa nyuma, yule akasema anyolewe, na Mzee Ouma akakiri hajawahi kuona jambo kama hili wala kulisikia. Bibi wa kigongo, aliyekuwa na njaa, akasema yeye ametoka mbali, amelia, na machozi hayarudishwi, kwa hiyo watu wale kwanza.

Ni hapo Lusweti aliporudi na mtungi begani, shati limelowa. Akamwona marehemu amesimama na kofia mkononi. Akasimama. Watu wakaangalia chini tena, wakamwachia njia mpaka kwenye moto.

"Niaje, mzee," akasema mwishowe.

"Poa, Lusweti," Opondo akasema. Hakujua lolote. "Asante kwa kuja kunizika."

Hakuna aliyecheka. Lusweti alimwangalia Opondo, akamwangalia Filister juu ya kigoda, akawaangalia wanawake waliojaa pale chini kama maharage. Filister alimwangalia naye. Alijaribu kuusoma uso ule na hakuweza. Labda alikuwa amekuja kushika mahali pale tu, kama alivyosema, asije mwingine. Labda sivyo. Pengine hata yeye mwenyewe alikuwa bado hajaamua.

"Mimina kwa sufuria," Filister akamwambia. "Majani ya chai yanaungua."

Lusweti akamimina. Bibi akamwambia agawe vikombe, akagawa, kuanzia wazee, akishika kila kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa vizuri. Alipofika kwa Filister akainama.

"Chai yako, mathe," akasema. "Nilikuwa nakulindia tu hapa. Unajua hivyo?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Mama Rosebella alikuwa ameacha kuchambua.

"Najua," Filister akasema. "Na umelinda. Sasa mwenyewe amefika."

Lusweti akaitika kwa kichwa polepole. Akajikung'uta majivu kwenye suruali, akawaita vijana wake walioshika shoka, wakapanda juu wakaenda zao. Yule wa kukaanga samaki akawasindikiza kwa macho mpaka wakapotea.

Filister akabaki na kikombe mkononi, hajui kama anywe. Kilikuwa na sukari nyingi mno. Akanywa chote, kisha akamwambia Opondo asimame kando, maana kulikuwa na mama nyuma yake anayetaka makaa.